Mtoto kapata nafasi ya kujitolea kufundisha nje? Changisheni kama mnavyochangisha harusi

Naandika hii kwa wazazi na walezi wa Moshi na Arusha ambao mtoto kamaliza form six akapata nafasi ya kwenda nje kujitolea kufundisha, mana najua barua ikifika nyumba nzima inafurahi alafu kesho yake mnaanza kuulizana hela inatoka wapi. Kwetu alikuwa binti wa dada yangu, miaka 18, alipata kwenda Ujerumani mwaka mmoja kusaidia walimu shule ya msingi, na mimi mama yake mdogo ndo nilikuwa mweka hazina.

Kwanza isomeni barua mpaka mwisho mjue shirika linalipa nini na nyie mnalipa nini. La kwetu lilibeba malazi, chakula, bima na posho, sisi tukabaki na pasipoti ambayo ni 150,000, viza yuro 75, kozi na mtihani wa Kijerumani kule Goethe-Institut Dar, nauli za basi za kwenda na kurudi Dar, nguo za baridi na sehemu ya tiketi. Andikeni vyote kwenye karatasi moja na bei zake. Mtu akiiona hiyo karatasi anachanga, akisikia tu "mtoto anaenda Ulaya" anadhani ni hela ya starehe. Na kama barua inawataka mtume hela harakaharaka kwenye simu ya mtu binafsi, simamisheni kila kitu mpaka mmewapata shirika lenyewe, kuna familia zimelizwa sana kwa njia hiyo.

Sasa kuchangisha. Harusi tunaziweza sana, kamati inakaa, watu wanaandika ahadi, mweka hazina anakukumbusha mpaka unalipa na hakuna anayeona vibaya. Ikija kwenye mambo ya mtoto kusoma au kwenda kufundisha tunaomba kwa kunong'ona, kwanini? Tumieni utaratibu uleule, kamati ndogo, daftari la ahadi, tarehe ya mwisho. Kadi msichapishe, hiyo nayo ni hela ya mtoto.

Kwa sisi wa Kilimanjaro muda wenyewe ni Desemba. Ndugu wa Dar, Mwanza, Dodoma wote wanapanda nyumbani Krismasi na kikao cha ukoo lazima kikae, kwaiyo mtoto akimaliza mwezi wa 5 na safari ni mwaka unaofuata, Desemba ndo inawaangukia katikati. Ongeeni na watu kabla ya sikukuu maana baada ya hapo kila mtu anawaza ada za Januari, na pokeeni ahadi, aliyekauka leo mwezi wa 4 anaweza kuwa nazo.

Na mtoto asimame aombe mwenyewe, hapa nasisitiza sana. Binti yetu alisimama mbele ya babu yake na wajomba akaeleza anaenda kufundisha nini na watoto wa umri gani, na kwamba akirudi anataka kusomea ualimu. Kuna mjomba mmoja mgumu kweli, alimuuliza maswali mpaka nikamwonea huruma mtoto, alafu huyohuyo ndo akaandika ahadi kubwa kuliko wote. Ningeongea mimi kwa niaba yake asingetoa vile.

Kanisani ongeeni na mchungaji mapema awape mnada baada ya ibada. Pelekeni ndizi, mayai, kuku, kahawa. Mkungu mmoja watu wema wanaununua wanaurudisha unauzwa tena, na tena. Kama usharika wenu una marafiki Ujerumani waandikieni pia, uhusiano huo huku kwetu ni wa siku nyingi, wamisionari wa Leipzig walifika Machame tangu 1893.

Hela za simu zote ziingie namba moja iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina mwenyewe, na waambieni watu kwa upole watume na ya kutolea. Kwenye grupu la WhatsApp mimi nilikuwa naandika majina bila kiasi, na jumla chini kila Jumapili. Mama anayeuza nyanya Mbuyuni akitoa 2,000 ashukuriwe sawa na wa laki, yeye katoa kwenye mtaji.

Nguo za baridi msisubiri kununua huko, ni bei. Zungukeni Memorial, soko la mitumba la Moshi, asubuhi mabelo yanapofunguliwa, na ulizeni maguide wa mlima mnaowafahamu, wana majaketi mazito waliyoachiwa na wageni na wengi watawauzia kwa bei ya kindugu au wawape bure kabisa.

Mtoto akifika aendelee kutuma sauti kwenye grupu, darasa likoje, watoto wanamwitaje, waliochanga wanasubiri. Zikibaki hela waulizeni wao. Zetu zilibaki kidogo, wakasema ziwekwe za pasipoti ya mtoto mwingine wa usharika atakayepata nafasi.