Nikianza Kazi, Nani Atalipa Kodi ya Nyumba?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi London katika nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitegemea Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo ndani yake mna fedha ya matumizi na fedha ya pango. Nimepata kazi ya kusafisha ofisi, saa 18 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, na baada ya mchango wa pensheni nitabaki na kama pauni 930 kwa mwezi. Wenzangu wananionya kwamba siku nitakayosaini mkataba ndiyo siku serikali itakapoacha kunilipia nyumba. Je, ni kweli? Mama wa Wawili, London.

JIBU: Dada, si kweli, ingawa wenzako hawakulizua jambo hili. Chini ya utaratibu wa zamani, mzazi aliyefikisha saa 16 za kazi kwa wiki alipoteza posho ya Income Support yote kwa mkupuo, na hapo halmashauri ilianza kumpigia upya hesabu ya nyumba, kazi iliyoweza kuchukua majuma huku mwenye nyumba akigonga mlango. Universal Credit, iliyoanza kutolewa mwaka 2013, iliunganisha mafao sita kuwa malipo mamoja na kuondoa ukuta huo wa saa 16. Siku hizi malipo hupungua kidogo kidogo kadiri mshahara unavyopanda.

Hesabu yenyewe ni hii, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26, kama tarakimu nyingine zote za jibu hili. Kwa kuwa una watoto, na kwa kuwa unasaidiwa pango, pauni 411 za kwanza za mshahara wako wa kila mwezi haziguswi kabisa. Katika pauni 930 zinabaki 519, na kwa kila pauni moja ya hizo malipo yako yanapunguzwa senti 55, yaani jumla ya pauni 285 na senti 45. Hicho ndicho kiasi kitakachopungua, si zaidi. Mkononi mwako itaongezeka pauni 644 na senti 55 kila mwezi, kabla hujatoa nauli na malezi ya mtoto. Angalia pia kwamba kinachohesabiwa ni mshahara uliobaki baada ya kodi ya mapato, bima ya taifa na mchango wa pensheni. Nimewaona wengi wakijitoa katika pensheni ili wapate fedha zaidi mwishoni mwa mwezi, wasijue kwamba zaidi ya nusu ya kile walichokiokoa inarudi serikalini kwa njia ya makato.

Kuna jambo ambalo pengine wenzako hawakukuambia, na huenda likawa kubwa kuliko yote. Jumla ya mafao ya familia isiyo na kazi ina ukomo, ambao kwa London ni pauni 25,323 kwa mwaka, na mpangaji mwenye watoto katika jiji hilo huufikia upesi kwa sababu ya ukubwa wa pango. Fungua taarifa yako ya malipo ya mwezi uliopita utazame kama pana mstari unaosema fedha zako zimepunguzwa kwa sababu ya ukomo huo. Kama upo, basi kazi itakufaa maradufu, kwa maana mtu ambaye mshahara wake wa mkononi umefika pauni 846 kwa mwezi haguswi na ukomo, na wewe umevuka hapo.

Sasa tuje kwenye tarehe, ambako ndiko watu wanakoumia. Universal Credit hupimwa kwa mwezi mmoja mmoja, tuseme kuanzia tarehe 12 hadi tarehe 11 ya mwezi unaofuata, na malipo huingia siku saba baadaye. Mwajiri anapokulipa, taarifa hupelekwa mamlaka ya mapato na kutoka huko hufika upande wa mafao, kwa hiyo kinachotazamwa ni siku ulipolipwa, si siku ulizofanya kazi. Muulize mwajiri kabla hujaanza kama analipa kila mwezi au kila wiki nne. Anayelipwa kila wiki nne hupokea mishahara 13 kwa mwaka, na kwa hiyo mara moja katika mwaka mishahara miwili huangukia ndani ya mwezi mmoja wa tathmini. Mwezi huo malipo yako yatashuka vibaya, na kodi ya nyumba itakusubiri pale pale. Chukua kalenda, weka alama siku zote za mshahara za mwaka mzima, uutafute mwezi huo mapema na uutengee akiba. Kwa wanaolipwa kila mwezi, lakini mshahara ukatangulia siku moja au mbili kwa sababu ya sikukuu au mwisho wa juma, mahakama ya rufaa iliwapa haki mwaka 2020 na kanuni zikarekebishwa, hivyo wanaweza kuomba mshahara mmoja uhamishiwe mwezi wake.

Kama sehemu ya pango inapelekwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, usidhani ataendelea kupata kiasi kile kile. Malipo yako ni fungu moja, na likipungua kuliko pango lenyewe, tofauti ni juu yako. Malimbikizo mengi ya kodi ninayoandikiwa yalianza hivyo, kwa mpangaji aliyekuwa akiamini kwamba nyumba imekwisha kulipwa.

Mwanao akihitaji kulelewa ukiwa kazini, utarudishiwa hadi asilimia 85 ya gharama za mlezi aliyesajiliwa, zisizozidi pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja au 1,768.94 kwa wawili na zaidi. Kwa kawaida hulipa kwanza ndipo urudishiwe, lakini anayeanza kazi anaweza kumwomba mshauri wake wa Jobcentre, ofisi ya serikali ya ajira na mafao, msaada wa malipo ya mwanzo, nawe uombe kabla hujalipa. Punguzo la kodi ya halmashauri lina kanuni zake katika kila halmashauri. Wapelekee taarifa ya mshahara wewe mwenyewe.

SWALI: Nina miaka 29, sina mtoto, na ninaishi katika hosteli yenye wasimamizi baada ya kukosa makazi. Halmashauri inalipa pango langu lote kwa Housing Benefit, na Universal Credit inanipa matumizi tu. Bohari moja imenipa saa 13 kwa wiki na sasa wanataka kuniongezea iwe 14. Msimamizi wa hosteli ananishauri nisikubali. Ni sawa kweli? Kijana wa Hosteli.

JIBU: Ndugu yangu, msimamizi wako anaujua mtego huu, na ningependa uuone kwa tarakimu za mwaka wa fedha 2025/26. Wewe huna ile sehemu ya mshahara isiyoguswa, kwa hiyo senti 55 zinakatwa kuanzia pauni ya kwanza. Kwa saa 13, kwa kima cha chini cha pauni 12.21, unapata kama pauni 688 kwa mwezi, na katika malipo yako ya pauni 400.14 zinabaki kama 22. Ni kidogo, lakini maadamu zipo, Housing Benefit yako haiguswi.

Ukifikisha saa 14 mshahara unakuwa kama pauni 741, na Universal Credit inafika sifuri. Hapo halmashauri inaanza kukuhesabu kwa kanuni zake yenyewe: inaacha pauni 5 kwa wiki, inaacha pauni 92.05 za kujikimu, na kwa kila pauni inayobaki inapunguza senti 65 katika msaada wa pango. Kwako hiyo ni kama pauni 48 kwa wiki, au 208 kwa mwezi. Kwa saa 13 ulikuwa unabaki na pauni 710 hivi na pango limelipwa lote. Kwa saa 14 unabaki na kama 533. Saa moja zaidi ya kazi inakurudisha nyuma pauni 177. Aliyeupanga utaratibu huu wa ofisi mbili zisizosikilizana nadhani hakuwahi kulala hosteli.

Hata hivyo si lazima uikatae hiyo saa. Kwa kipato chako mwajiri halazimiki kukuingiza katika pensheni mwenyewe, lakini ukiomba kwa maandishi hawezi kukukatalia, na naye atalazimika kuchangia. Ukiweka pauni 20 kwa mwezi, mshahara unaohesabiwa unashuka hadi kama 721, Universal Credit inabaki na pauni 3 na ushei, na Housing Benefit inasimama ilivyo. Siku utakapohamia nyumba ya kupanga ya kawaida, pango litaingia ndani ya Universal Credit na mtego huu utaondoka. Subiri mpaka wakati huo ndipo ukubali saa nyingi.

SWALI: Ninamtunza mama yangu mgonjwa na ninapokea Carer's Allowance, posho ya anayemtunza mgonjwa. Nikifanya kazi kidogo itapungua? Binti wa Mama.

JIBU: Haipungui, bali hukatika. Kwa viwango vya 2025/26, unaruhusiwa kupata hadi pauni 196 kwa wiki baada ya makato ya kodi, bima na nusu ya mchango wako wa pensheni. Ukipata 197, unapoteza pauni 83.30 zote za wiki hiyo. Ofisi inaweza isikushtue kwa miezi mingi, kisha ikadai deni lote kwa pamoja, kwa hiyo kila hati ya mshahara iweke, na juma lolote ulilofanya saa za ziada litolee taarifa juma hilo hilo. Posho ya ulemavu ya mama yako haihusiani na kipato chako wala chake.