Diklofenaki ya kila asubuhi si tiba ya goti

Dada mmoja ameniandikia kuhusu mama yake mwenye miaka 68. Magoti yamesagika, kushuka ngazi ni kazi, na kila asubuhi mama anameza kidonge cha maumivu, diklofenaki ya miligramu 100, inayonunuliwa duka la dawa la mtaani. Anatumia pia losartani na kidonge cha kukojoza kwa ajili ya presha. Sasa miguu imeanza kuvimba na presha haitaki kushuka. Dada anauliza kama kuna kidonge chenye nguvu zaidi.

Dada yangu, mama hahitaji kidonge chenye nguvu zaidi. Diklofenaki asimeze tena kuanzia leo. Dawa za presha asiziache kwa uamuzi wake. Kusanya pakiti zote anazotumia, pamoja na zile za kienyeji, zitie kwenye mfuko mmoja, mpeleke kituo cha afya wiki hii hii. Apimwe presha, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu. Akianza kukojoa kidogo mno au kuhema akilala chali, msisubiri kesho.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta uvimbe kwenye kiungo, lakini ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo na kuiwezesha damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizizuia, mwili unabakiza chumvi na maji, miguu inavimba, presha inapanda. Dawa za kundi la losartani na enalaprili nazo hugusa mtiririko huo huo wa damu kwenye figo, na kidonge cha kukojoza hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, figo za mtu mzima zinaweza kufeli ndani ya siku chache, hasa akiharisha au akikosa kunywa maji. Kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi dawa ya presha ndiyo inayolaumiwa. Mgonjwa anaongezewa dozi, na ile pakiti ya diklofenaki iliyo mezani hakuna aliyeiuliza. Tena tangu mwaka 2013 Ulaya imekataza diklofenaki ya kumeza kwa wenye moyo kushindwa kufanya kazi, wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo na waliowahi kupata kiharusi.

Kwa goti na vidole vya mikono, pa kuanzia ni jeli ya diklofenaki ya kupaka. Dawa inayoingia kwenye damu kupitia jeli ni kama asilimia 6 tu ya ile inayoingia kwa kidonge, kwa hiyo tumbo na figo vinapata nafuu kubwa. Mwenye figo mbovu tayari amuulize daktari hata kwa jeli.

Najua wengi watasema wameipaka na haikusaidia. Waliipaka kiasi gani? Dozi ya goti moja kwa jeli ya asilimia 1 ni gramu 4, mara nne kwa siku. Kamua mstari wa jeli kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza: hapo una kama nusu gramu. Goti linahitaji mistari minane ya namna hiyo kila unapopaka. Wengi hupaka mmoja, usiku tu, kisha wanaisema dawa vibaya. Kwa dozi kamili tyubu ya gramu 30 haimalizi siku mbili kwa goti moja, basi tafuta tyubu kubwa na upige hesabu ya fedha mapema. Kama mfuko unabana, anza na goti linalouma zaidi. Sambaza mbele, pembeni na nyuma ya goti, acha ikauke dakika 10 kabla ya kuvaa, usilioshe kwa saa moja. Usifunge nailoni wala bandeji juu yake, usiweke chupa ya maji ya moto, na usichanganye na dawa za kuchua zenye pilipili au mentholi, maana ngozi itaungua. Ipe wiki mbili kabla ya kuamua. Nyonga ni suala jingine: iko ndani mno, jeli haifiki.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo na figo, ila tusiipe sifa isiyo yake. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 hauipendekezi tena kama dawa ya kawaida ya viungo vilivyosagika, kwa sababu nafuu yake ni ndogo. Hata hivyo wapo wanaosaidika. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida anameza vidonge 2 vya miligramu 500 saa moja kabla ya shughuli, akiacha saa 6 kabla ya dozi nyingine, na asipite vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mzee aliyedhoofika, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe apangiwe dozi ndogo zaidi. Ukiona wiki imepita hakuna tofauti, acha. Na vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, mwenye presha avikimbie: kila kimoja kina takriban miligramu 400 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Vinane vinampa zaidi ya gramu 3, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu asifikishe 2 kwa siku kutoka kwenye chakula chake chote.

Je, vidonge vya kutuliza uvimbe vimekatazwa kabisa? Hapana. Mtu asiye na presha, figo, moyo wala historia ya vidonda vya tumbo anaweza kutumia ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache goti linapochachamaa, kisha anaacha. Akizidi miaka 65, daktari aamue kwanza, na kwa kawaida ataongeza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ya miligramu 20, nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Maziwa hayalindi tumbo. Sindano ya diklofenaki nayo haikwepi tumbo, kwa sababu madhara hupitia kwenye damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu, kimbia hospitali.

Aina moja tu kwa wakati mmoja. Geuza pakiti usome nyuma. Vipo vidonge vya mseto vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, na mtu anaviongeza juu ya Panadol (parasetamoli) na Brufen (ibuprofeni) akidhani ni dawa tatu tofauti. Anayetumia aspirini ndogo ya moyo ajue kwamba ibuprofeni ikitangulia huizuia kufanya kazi yake. Kwa aspirini ya kawaida, isiyo na ganda maalumu, aimeze kwanza na asubiri angalau dakika 30.

Kuhusu vidonge vya "asili" vinavyoondoa maumivu kwa siku moja, nasema kwa uchungu: tuwe wakali. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King. Ndani yake kulikutwa diklofenaki na deksamethasoni, na lebo haikuzitaja. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayofanana na homoni ya mwili, hupandisha sukari, huvimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Aliyetumia vidonge vya namna hiyo kwa wiki kadhaa asiviache ghafla bila daktari, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe.

Tukumbuke kuwa hakuna kidonge hata kimoja kati ya hivi kinachorudisha gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyolika. Nafuu inayopatikana itumike kujenga misuli ya paja, kwa sababu hiyo ndiyo inayolibeba goti. Mama akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, ashushe taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kisha asimame na kukaa mara 5 bila kujisukuma kwa mikono, akiongeza kidogo kidogo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakibaki makali hadi kesho yake, punguza idadi. Kwa mnene, kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Watoto tunatuma fedha za vidonge kila mwezi, lakini mama bado anapikia kwenye kigoda na kuchuchumaa chooni. Mnunulie kiti cha choo, inua jiko lifike kiunoni, na kwenye swala au ibada atumie kiti. Goti likiwa jekundu, la moto, na mama ana homa, au viungo vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huo huenda ni ugonjwa mwingine kabisa, na unahitaji daktari kabla ya dawa yoyote ya maumivu.