Kichefuchefu na maumivu baada ya kukatwa utumbo

Pole sana ndugu. Umesema ni siku ya 6 toka ukatwe kipande cha utumbo na kila ukimeza tramadol (dawa kali ya maumivu) unataka kutapika, mi naona hiyo dawa yenyewe ndo mchokozi, jamii hiyo ya dawa inaleta kichefuchefu alafu inafanya utumbo uwe mzito, choo kinagoma, tumbo linajaa gesi na kichefuchefu kinazidi. Usiiache kimyakimya lakini, maana ukiumwa sana hutatembea wala kukohoa vizuri. Mwambie daktari akupe paracetamol kwa saa maalum, mtu mzima isizidi gramu 4 kwa masaa 24, tramadol ibaki ya akiba. Diclofenac na ibuprofen, dawa nyingine za maumivu, usijinunulie, zinaweza kuusumbua mshono wa ndani ambao bado mbichi. Dawa ya kuzuia kutapika omba pia, ila ondansetron, mojawapo ya hizo, nayo hufunga choo (ndo hivyo tena). Kunywa kidogokidogo, kula kidogo mara nyingi, tembea hata chumbani, ukikohoa kumbatia mto tumboni. Ukitapika kijani, tumbo likivimba, hujambi kabisa, au homa na maumivu yanapanda, rudi hospitali leoleo usingoje kliniki.