Mwaka Niliouza Leso, na Hoteli Iliyotaka Siku 90

Wiki jana nimesaini oda ya vikoi na hoteli moja ya Diani, na nusu ya pesa ikaingia kabla hata kikoi kimoja hakijafumwa. Nasema kwa kujivuna, ndiyo. Wanaouzia mahoteli ya Pwani wanajua mambo yalivyo: unapeleka mali, unaacha ankara, halafu unangoja siku 30, 60, mara nyingine 90, na kila ukipiga simu mhasibu yuko mkutanoni. Walionipongeza wameniuliza nilisomea wapi. Shahada ya biashara ninayo na ninaiheshimu, lakini ile nusu haikutoka darasani. Ilitoka kwenye mwaka ambao watu wa kwetu mpaka leo wanauita mwaka uliopotea.

Nilipita kidato cha nne vizuri, KUCCPS, wakala wa serikali wa kupanga wanafunzi vyuoni, ikanipa nafasi chuo kimoja cha bara, nami nikaahirisha mwaka mmoja. Ilikuwa 2016. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba Malia, bintiye Obama, naye angekaa mwaka kabla ya kuingia Harvard, na watu wakamsifu kwa busara. Mimi, ami yangu aliita kikao. "Chuo hakingoji mtu," akasema mbele ya wajomba na mashangazi. Kisha kwenye arusi ya dada yangu akanitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye muuza leso wetu." Watu wakacheka. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Kwani kungoja chuo ni jambo geni kwetu? KCSE, mtihani wa kidato cha nne, huisha Novemba, vyuo vingi hufungua karibu Septemba. Kaka na dada zetu wa miaka ya 1990 wapo waliongoja hata miaka miwili. Swali ni unangojea wapi. Mimi niliingia kibandani kwa shangazi, alikouza leso, yaani kanga, karibu na Biashara Street, Mombasa, na siku ya kwanza akanipa sheria moja: ukishataja bei, funga mdomo.

Nilidhani ni maneno ya mzee tu, mpaka alipokuja mama mmoja kutafuta kisutu, ile leso ya maharusi, kwa arusi ya bintiye. Akaishika leso, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha aone rangi nyekundu kama inatoka.

"Bei ya mwisho?"

"Mia sita jozi, mwanangu," akasema shangazi, akaendelea kukunja leso nyingine kama hana habari.

Mama yule akatazama barabarani, akatazama mkoba wake, akaishika leso tena. Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha. Mwisho akasema mwenyewe: "Basi nichukulie jozi tatu, lakini nipunguzie." Shangazi hakugusa bei. Alisema: "Nitakukatia na fundi akupindie zote, juu yangu." Anayeijua leso anajua jozi hutoka dukani imeungana, lazima ikatwe na kupindwa, na kwa mtu mwenye arusi kesho kutwa hiyo ni safari nzima ameondolewa. Fundi alikuwa hapo hapo nje na cherehani yake, akitutoza bei ya jirani. Mama aliondoka akimshukuru shangazi, na bei ilikuwa ile ile mia sita.

Upande wa kununua ulikuwa mkali zaidi. Kwa muuzaji wa jumla tulichukua kwa korja, yaani ishirini ishirini, na shangazi hakuingia duka lolote kabla ya kuandika nyuma ya risiti ya zamani bei ambayo hataivuka. Tena alipita kwanza duka la pili kuuliza, ili akisema "nitakwenda kwengine" iwe kweli. Wengi wetu tunatishia kuondoka na hatuna pa kwenda. Muuzaji mzoefu anakuona usoni.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikuwa jua, vumbi na kukunja. Siwachoshi.

Sasa hoteli. Bwana wa manunuzi alitaka bei ya chini na siku 90, vyote viwili. Nikataja bei yangu, nikanyamaza, akaanza kueleza mwenyewe: wageni wa kaskazi wanakaribia, Desemba hoteli hujaa, na muuzaji wao wa zamani amewachelewesha. Kumbe mwenye haraka ni yeye! Nikamwambia bei nitashusha kidogo, ila nusu nilipwe sasa na nusu siku mali inapofika, na yote yaandikwe kwenye LPO, ile hati ya hoteli ya kuagiza mali. Nilikuwa na duka la Mji wa Kale linalotaka vikoi vile vile, kwa hiyo ningeweza kuinuka. Sikuhitaji kuinuka.

Kwa hiyo kijana, jua bei yako ya chini kabla hujatoka nyumbani. Taja bei, nyamaza. Uwe na mteja wa pili. Ukiombwa kupunguza, omba kitu nawe: siku za malipo, usafiri, wingi. Na ujue bei yako ya chini, narudia, maana hapo ndipo wengi huliwa.

Ukitaka kuahirisha chuo, muandikie msajili, upate jibu la maandishi. Usinyamaze tu ukadhani nafasi itakungoja. Halafu tafuta kazi ambayo watu watakukatalia usoni kila siku. Mwaka wa kulala na simu mkononi hauna wa kumsaidia, na hapo ami zenu watakuwa na haki. Nanyi wazazi, acheni kuona aibu mtoto akishika meza sokoni. Mnampeleka akasomee biashara miaka minne, kisha mnamficha asionekane akiuza!

Ami mwenyewe alinipigia juzi. Mwanawe ameitwa chuo, anataka kukaa mwaka, na ameuliza kama nina nafasi. Nimemwambia aje Jumatatu saa moja asubuhi, na barua ya msajili niione imepigwa muhuri.