Kwa Wanaoanza Kujifunza Ndege za Vita za Zamani: Fuateni Uzito wa Il-2

Wengi wanaoanza kujifunza ndege za vita za kabla ya enzi ya jeti hukimbilia takwimu za kasi na silaha, na baada ya miezi kadhaa hujikuta wana orodha ndefu isiyowaeleza chochote. Kutokana na miaka niliyozisoma, nawashauri mshike ndege moja kwanza, Ilyushin Il-2, ndege ya kushambulia ardhini ya Umoja wa Kisovieti katika Vita vya Pili vya Dunia, na kufuatilia uzito wake: ulikaa wapi, kwa sababu gani, na ulipoongezwa ni kitu gani kilicholazimika kubadilika.

Sergei Ilyushin aliibuni iruke chini kabisa juu ya uwanja wa mapigano, mahali ambapo hata risasi za askari wa miguu humfikia rubani. Ndiyo maana deraya yake, yaani mabamba ya chuma ya kuzuia risasi, yenye uzito wa takriban kilo 700, haikupachikwa juu ya bodi; yenyewe ndiyo iliyokuwa bodi ya mbele, ikikinga injini, rejeta, matangi ya mafuta na rubani, huku ikibeba pia mzigo wa muundo mzima. Sehemu ya nyuma, kwa Il-2 nyingi, ilikuwa ya mbao.

Ndege ya majaribio iliyoruka mwaka 1939 ilikuwa na viti viwili. Ilionekana nzito kupita nguvu ya injini yake, basi mpiga bunduki wa nyuma akaondolewa, na Il-2 ikaingia vitani mwaka 1941 ikiwa na rubani peke yake. Ndege za Wajerumani zikawa zinaifuata kwa nyuma bila kujibiwa, na hasara ikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 1942 kiti cha pili kilirudishwa. Hapa naomba msipite haraka, kwa sababu kiti hicho kiliwekwa nje ya ganda la deraya, na mpiga bunduki akapigana akiwa na kinga ndogo sana kuliko rubani aliyempa mgongo. Uamuzi huo unauma kuusoma hata leo. Uzito wa kiti hicho na mpiga bunduki wake ulisogeza kitovu cha uzito nyuma, ndege ikawa ngumu kuitawala, na wabunifu wakalazimika kuzielekeza nyuma sehemu za nje za mabawa ili mizani irejee. Mkiona picha ya Il-2 yenye mabawa ya namna hiyo, mjue yametokana na kurudi kwa mpiga bunduki yule.

Kuhusu vifaru, pokeeni kwa tahadhari idadi zinazodaiwa na marubani wa upande wowote. Wachunguzi wa Uingereza walipokagua uwanja wa Mortain, Ufaransa, mwaka 1944, walikuta vifaru vilivyoharibiwa kutoka angani ni vichache mno kuliko vilivyodaiwa. Mizinga ya Il-2 haikuweza kutoboa deraya nene za vifaru vizito. Silaha iliyofaa zaidi ilikuwa mabomu madogo ya PTAB, yaliyoanza kutumika kwa wingi katika mapigano ya Kursk, Urusi, mwezi Julai 1943, ambayo yalimwagwa kwa makumi juu ya paa jembamba la kifaru.

Zilitengenezwa zaidi ya 36,000. Mkishaielewa, someni Il-10 iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1944, ambayo mpiga bunduki wake aliingizwa ndani ya deraya, na mtafute uzito huo ulifidiwa kwa kupunguza nini.