Mwanangu, hukumfanyia kitu

Mwanangu, msg yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu, pale unaponiuliza "mama, nilimfanyia nini mtoto?", eti kwa vile ulifanya kazi ya kusimama mpaka mimba ikafika mwezi wa nane na watu wanasema ulikula hiki ukaacha kile. Hukumfanyia kitu. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, ngoja nikueleze nilivyoelewa hayo majibu ya daktari, kwamba ubongo wake hauna mikunjo na nakala moja ya jeni ya LIS1 ina hitilafu.

Unamkumbuka babu yako Pangani akikwea mnazi? Mikono inatangulia inashika juu, mwili bado uko chini, alafu anajivuta, anatulia kidogo, mikono tena. Seli changa za neva zinakwea hivohivo. Zinazaliwa ndani kabisa, kwenye kuta za vyumba vya maji katikati ya ubongo, zinapanda kwenda kwenye gamba la juu zikishikilia nyuzi za seli zingine, na zilizozaliwa baadaye zinazipita zilizotangulia na kukaa juu yake, hapo huwa nastaajabu kila nikiwaza.

Sasa seli ikishanyoosha mkono wake mwembamba mbele, kiini chake kizito kimebaki nyuma, na wa kukivuta ni dainini, protini inayotembea juu ya vibomba vinaitwa mikrotubuli, mafuta yake ni ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Mwenzake kinesini anaenda upande wa pili na mizigo ya kujengea mkono, hatua yake moja ni nanomita 8, yaani milimita moja tu ni hatua 125,000. Fikiria hiyo kazi yote ilikuwa inafanyika tumboni mwako we umesimama kazini.

Protini ya LIS1, inayotokana na jeni hiyo, ndo inamsaidia dainini aamke na asiachie mzigo ukiwa mzito. Mjukuu wangu anayo kama nusu ya inayotakiwa, kwaiyo mikono ilinyooka ila viini vikachelewa, seli nyingi zikaishia njiani, gamba likawa nene bila mpangilio wake na mikunjo haikujikunja. Hata hizo degedege zinatokea humo.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 17, ilijulikana tangu 1993, na wewe na baba yake mmepimwa hamna hitilafu. Mara nyingi inatokea upya kabisa, yai au mbegu inapotengenezwa, au siku zile za mwanzo mwanzo. Yani ilishakuwepo kabla hujakosa hata siku zako. Kusimama hakuingii hapo, chakula hakiingii, na anayekwambia vingine mwambie anipigie mimi.

Ijumaa nakuja na basi la asubuhi. Usiku nitambeba mimi, dawa zake utanionyesha, we ulale.