Awake juu, The Astonishing mkiani: nawapanga Dream Theater

SWALI: Kaka habari, mimi ni mtu wa metal ila ile ya kawaida, Metallica, Iron Maiden na wenzao. Kuna mshkaji kila siku ananisumbua na bendi ya Dream Theater, nikaona bora nianze na albamu yenye nyimbo nyingi nipate picha kamili, nikaweka The Astonishing. Hata nusu sikufika. Hebu nipangie albamu zao unavyoziona wewe, na niambie nianzie wapi kabla sijawaacha kabisa.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana mdau, umeingilia mlango wa uani. The Astonishing ya 2016 ina nyimbo 34, diski mbili, zaidi ya saa mbili, na yote ni hadithi moja tu ya Marekani ya mwaka 2285 ambako watu hawapigi tena muziki, wanapigiwa na mimashine inayoelea angani. Sasa hivi zama za AI hadithi yenyewe imeanza kuleta maana kuliko siku ilipotoka, nakubali, ila muziki wake ni wimbo wa polepole wa kinanda, ukiisha unakuja mwingine wa polepole wa kinanda, gitaa linachachamaa kidogo afu linarudi kulala. Wana albamu 16 na kwangu hii ni ya 16.

Kigezo changu ni kimoja. Kupiga vyombo hawa jamaa wanajua, hilo halina ubishi, John Petrucci (gitaa), John Myung (besi) na Mike Portnoy (ngoma) walikutana chuo cha muziki cha Berklee pale Boston mwaka 1985 na toka hapo ni mazoezi tu, kwahiyo sihesabu nani kapiga noti nyingi kwa sekunde. Naangalia solo ikishaisha wimbo unabaki kichwani au unaondoka nayo.

Namba moja ni Awake, 1994. Najua wengi mlitegemea Scenes from a Memory na mtanitukana, tukaneni tu. Awake ina kitu ambacho hawakukirudia tena, unasikia kabisa humo ndani watu hawajatulia. Mpiga kinanda wao Kevin Moore aliondoka kabla albamu haijatoka, na wimbo wa mwisho, Space-Dye Vest, ni wa kwake yeye, kinanda kimejikalia peke yake, maneno ya mtu aliyeumizwa, gitaa linachelewa mpaka unasahau kama hii ni bendi ya metal. Ilipita miaka 20 hivi mpaka 2014 ndo wakaanza kuupiga stejini. Afu sikiliza The Mirror, Petrucci kachukua gitaa la nyuzi 7, rifu (kile kipande kifupi cha gitaa) nzito inajirudia inajirudia wala haina haraka, kisha bila kupumzika inamwagikia kwenye Lie. Weka spika nzuri tafadhali, sio simu, kwa sababu besi ya Myung kwenye simu inapotea yote.

Namba mbili ndo hiyo Scenes from a Memory ya 1999. Jamaa anaitwa Nicholas anapelekwa usingizini na mtaalamu, humo anakutana na Victoria, msichana aliyeuawa zamani, basi mnaanza kumtafuta muuaji kwa dakika 77. Imepangika, Jordan Rudess ndo kwanza kaingia kwenye kinanda, The Spirit Carries On itakuliza. Ila kuna sehemu kama The Dance of Eternity ambapo naona wanajionesha tu, mahesabu matupu, ndo maana haikai juu ya Awake.

Ya tatu Images and Words, 1992, ya kwanza na mwimbaji James LaBrie. Pull Me Under ilipigwa redioni na MTV japo ina dakika 8, na mwisho wake unakatika ghafla, usidhani bando limeisha, ndivyo ilivyo. Ingekuwa namba moja kama sio sauti ya sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), ile pwaa pwaa ya plastiki inayofanana kila inapogongwa, ukishaiona huwezi tena kutoiona.

Baada ya hapo mambo yanakaribiana: Octavarium (2005), Six Degrees of Inner Turbulence (2002), Train of Thought (2003). Hizi zina utamu mmoja ambao watu wanaosikiliza nyimbo zikiwa zimechanganywa hawaupati kabisa. Scenes inaisha na ile kelele ya shhhh, Six Degrees inaanza na shhhh hiyohiyo. Six Degrees inaisha na kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) moja ndefu inayofifia, Train of Thought inaanza na kodi hiyo. Train of Thought inaisha na noti moja ya kinanda, ndo hiyo inayofungua Octavarium. Zisikilize kwa mfululizo siku ya mapumziko, utanishukuru. Octavarium naiweka mbele kwa ajili ya ule wimbo wa mwisho, dakika 24, mwanzoni Rudess anavuta sauti taratibu mpaka unajiuliza wenzake wako wapi, wanaingia mmoja mmoja, huko mwisho LaBrie anapiga ukelele wa kufa mtu.

Katikati huku nakuwekea haraka haraka. Distance over Time (2019) fupi, haifiki hata saa, waliitengeneza wakikaa pamoja kwenye ghala la shambani huko Monticello, New York, na unasikia watu wana furaha. A Dramatic Turn of Events (2011) nzuri kuliko inavyosemwa. Black Clouds ya 2009 ina nyimbo mbili kubwa na mashairi ya kuchekesha bila kukusudia. Parasomnia (2025), Portnoy karudi baada ya kuwa nje toka 2010, naipenda, bado sijaizoea vya kutosha kuipandisha. A View from the Top of the World (2021) ndo iliyowapa Grammy kupitia wimbo wa The Alien, lakini kwangu ni ya kumi na moja, Grammy haisikilizwi. Falling into Infinity (1997) lebo, yaani kampuni inayotoa albamu zao, iliwabana watoe nyimbo za redio na inasikika ilivyowabana, ila Trial of Tears usiiruke. Systematic Chaos, ile ya 2013 yenye jina la bendi, na ya kwanza kabisa ya 1989 yenye mwimbaji Charlie Dominici, hizo sikiliza ukishanogewa.

Sasa wewe wa Metallica usianzie namba moja yangu. Anzia Train of Thought, ndo nzito kuliko zote, na mwaka 2002 hawahawa walisimama stejini wakapiga Master of Puppets ya Metallica yote na siku nyingine The Number of the Beast ya Iron Maiden yote, kwahiyo mko ukoo mmoja. Ukitoka hapo Images, kisha Awake.

SWALI: Mimi muziki wao naupenda ila sauti ya LaBrie inanikwaruza, hasa kwenye rekodi za stejini za zamani. Ni mimi tu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sio wewe tu dada, ila muonee huruma kidogo. Desemba 1994 akiwa mapumzikoni Cuba alikula chakula kibaya, akatapika mpaka akaumia nyuzi za sauti, na muda si mrefu akarudi kwenye ziara ya Awake badala ya kupumzika. Mwenyewe amesema ilimchukua miaka mingi kurudi sawa. Kwahiyo ukimsikia kwenye rekodi za katikati ya miaka ya 90 anapambana na noti za juu, ni kweli anapambana. Studio anakuwa na nafasi ya kurudia, sikiliza Disappear kwenye Six Degrees, hapo hapigi kelele kabisa na ndo LaBrie ninayempenda.

SWALI: Mbona watu wakipanga hawaiweki A Change of Seasons?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa sababu sio albamu kamili, ni EP ya 1995, wimbo mmoja mpya wa dakika 23 na zaidi, zinazobaki ni nyimbo za watu wengine walizopiga kwenye shoo. Wimbo wenyewe waliuandika mwaka 1989, ulitakiwa uingie Images ukakosa nafasi, na mashairi ni ya Portnoy, humo anamzungumzia mama yake aliyefariki kwenye ajali ya ndege. Ningeruhusiwa kuuhesabu huo wimbo peke yake ningeuweka wa nne, Octavarium ishuke.